Siku Tisa Zilizofichwa

Jeltje Hoekema alikuwa na utaratibu hata katika kudharau. Alianzia viatuni, akapanda polepole mpaka shingoni, na usoni alifika mwisho, wakati hukumu imekwisha kutolewa. Maziwa yote ya wilaya yalipita mikononi mwake katika maabara ya kiwanda cha jibini, na kwa miaka minane alikuwa amekataa matangi mazima kwa kasoro ambazo pua ya mkulima haikuweza kuzinusa. Wakulima hawakumpenda, lakini hakuna aliyethubutu kumbishia.

Jumapili hiyo ya mwezi Machi, mtu aliyekuwa akimdharau ni mchumba wake mwenyewe.

Alianza kumdharau saa mbili asubuhi, mbele ya kompyuta yake ya nyumbani. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, naye ameketi katika duara la viti sebuleni kwa wazazi wake, kijijini Oosterwier, kikombe cha kahawa mkononi na kipande kimoja cha keki yenye sukari ya waridi mapajani, na dharau yake ilikuwa bado mbichi.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama yake, Baukje, aliyetimiza miaka sitini na saba. Kila aliyeingia alilizunguka duara zima, akimpa mkono kila mtu na kumpongeza: mume kwa ajili ya mkewe, binti kwa ajili ya mamaye, jirani kwa ajili ya jirani. Kisha aliketi, akapewa keki yake, akaanza kuuzungumzia upepo.

"Nahodha hajafika," alisema Baukje, akipitisha sukari.

"Atakuja, Mama."

"Sijauliza kama atakuja. Nimesema hajafika."

"Leo ni siku yako. Pumzika kidogo."

"Ndiyo napumzika hivi, mwanangu."

Nahodha alikuwa Ruurd Stavinga, fundi wa pampu za mifereji, mwanamume wa miaka thelathini na minne. Baukje alimwita hivyo kwa sababu hakupata jina jingine la kumdhalilisha kwa adabu kiasi hicho. Ruurd hakuwa na chombo chochote. Alichokuwa nacho ni timu: nyumba arobaini na moja za kijiji na jirani zake, ambazo zilikikopesha chuo kikuu kompyuta zao kila zilipokuwa hazina kazi. Chuo kilikata hesabu moja kubwa mno ya utafiti katika vipande vidogo vidogo, kikaigawia kila nyumba kipande chake. Kompyuta ilikesha ikikokotoa, ikarudisha jibu, na timu ikapewa alama. Utafiti wenyewe ulihusu ugonjwa unaokula misuli, na kila aliyekuwa katika timu alijua ni misuli ya nani iliyowaleta pamoja. Ilikuwa ya Nynke, dada mkubwa wa Jeltje, ambaye sasa hivi alikuwa ameketi karibu na dirisha, akikishika kikombe chake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kifaranga.

Ruurd ndiye aliyeianzisha timu hiyo. Majira ya baridi mawili yaliyopita alifika kwa Nynke amekumbatia kompyuta kuukuu, akamwambia Jeltje aliyemfungulia mlango, "Hii itamfanyia dada yako kazi hata mkiwa mmelala."

"Hata mumewe hajawahi kutoa ahadi kama hiyo," Jeltje alimjibu, akaanza kumkagua. Viatu vilikuwa na tope la mfereji. Suruali ilikuwa na grisi. Koti lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Alipofika usoni, hukumu ikiwa tayari, alikuta macho ya kijivu yanamtazama bila kujitetea, kama mtu aliyeleta maziwa yake kupimwa naye yuko tayari kusubiri. Hakuna mtu aliyewahi kusubiri namna hiyo mbele yake. Jeltje alimwacha apite, na tangu siku ile hakuwahi tena kuwa na uhakika wa vipimo vyake.

Leo, baada ya kahawa ya pili, wawili hao walikuwa watangaze kwamba watafunga ndoa mwezi Juni. Mama alikuwa hajui. Baba alikuwa hajui. Na tangu saa mbili asubuhi, Jeltje naye alikuwa hajui.

"Ype," jirani yao Wopke alimwambia baba yake Jeltje, "mwaka huu yai la kwanza la ndege wa malishoni nitaliona mimi."

"Wewe? Wewe huoni hata kofia yako."

"Nimeivaa!"

"Ndiyo maana huioni."

Duara likacheka. Ype Hoekema, aliyekamua ng'ombe miaka arobaini na mitano, hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa kuchekesha tu. Kompyuta yake ya timu aliiweka katika banda la ndama lililokuwa tupu. Aliapa kwamba kazi yake ni kukausha buti, maana inatoa joto zuri.

Mlango ukafunguliwa. Ruurd aliingia na maua ya manjano, nywele zimepeperushwa na upepo, uso umesawijika. Akaanza kulizunguka duara.

"Hongera, mama, kwa siku yako."

"Asante, Nahodha. Maua ya kituo cha mafuta, sivyo? Yana harufu ya safari."

"Hongera kwa mke wako, mzee Ype."

"Mh. Pole na mambo ya jana."

"Hongera kwa mama yako, Nynke."

"Asante, shemeji. Kaza mkono, sivunjiki leo."

Hatimaye alifika kwa Jeltje. Alinyoosha mkono. Jeltje alivitazama viatu vyake, vilivyokuwa visafi kwa mara ya kwanza, akapandisha macho polepole mpaka kwenye tai, akaishia hapo. Mkono wake aliuacha juu ya sahani ya keki.

"Hongera kwa mama yako," Ruurd alisema, sauti ikiwa chini.

"Njoo jikoni," alisema Jeltje. "Vikombe havitoshi."

Vikombe vilikuwa vinatosha, na kila mtu aliviona.

Jikoni, Jeltje alifungua maji ya bomba ili yafunike sauti, akaegemea karo.

"Umekasirika," alisema Ruurd.

"Hapana. Hasira huwa ninaiweka kwa watu ninaowaheshimu."

Ruurd alifumba macho kidogo. "Umesoma."

"Mimi husoma, Ruurd. Nalipwa kwa kusoma. Asubuhi nimefungua kompyuta yangu nione huo mtambo wa chuo umeharibikaje. Unajua imeandika nini? Muda wa mwisho ulipita siku mbili kabla ya kazi kufika. Kipande hiki wamepewa wengine. Haijaandika mtambo. Haijaandika hitilafu. Imeandika umechelewa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka timu mbalimbali hushindana kwa siku tano, na alama hazihesabiwi mpaka mbio zifunguliwe. Kwa hiyo manahodha wajanja huziambia nyumba zao zikate mtandao kabla ya siku hiyo, zifanye kazi kimya kimya, zirundike majibu bila kuyatuma. Kisha saa ya kwanza ya mbio huyaachia yote kwa pamoja, na wapinzani hujikuta wamezikwa. Ruurd aliwaambia wafiche siku tisa. Mbio zilifunguliwa Jumamosi saa sita mchana. Nyumba arobaini na moja ziliachia kazi yao kwa wakati mmoja, na chuo kikaikataa yote. Jioni Ruurd aliwaandikia wote: mtambo wa chuo umeharibika, kazi yetu imepotea njiani, si kosa la mtu.

"Kazi ya awamu hii ilikuwa ya haraka," Jeltje aliendelea. "Siku saba badala ya kumi. Waliitaka kabla ya kuamua ni dawa gani ijaribiwe. Tangazo lilikuja kwako, wewe ndiye nahodha. Uliliona lini?"

"Siku ya sita."

"Siku ya sita! Yaani ulikuwa na siku nzima mkononi."

"Ningeziachia siku ile, zisingehesabiwa kwenye mbio. Na Wagroningen, wapinzani wetu wakubwa, wangejua tuna nini. Mwaka jana chuo kilipokea kazi iliyochelewa siku nne, Jeltje. Nilidhani..."

"Kwenye mbio." Jeltje alilitamka neno hilo kama mtu anayemnyanyua panya mfu kwa mkia. "Kikombe hakuna. Medali hakuna. Ni tarakimu kwenye ukurasa usiosomwa na kiumbe chochote ila wanaume arobaini wasiofungua mapazia. Na unajua vipande vyetu wamepewa nani?"

"Najua."

"Sema."

"Wagroningen."

"Wagroningen! Wamevimaliza jana hiyo hiyo, wakapata na alama. Umewafichia kazi siku tisa, halafu ukaenda kuwawekea mezani. Nimemwona mjinga wa kila aina, Ruurd, lakini anayejizika mwenyewe halafu akawapa majirani sepetu, wewe ndiye wa kwanza."

Ruurd hakujitetea. Alisimama pale kama alivyosimama mlangoni kwa Nynke siku ile ya kwanza, na Jeltje alichukia jinsi mwili wake ulivyokumbuka. Alitaka kumshika kola. Hakujua kama angemvuta au angemsukuma.

"Ukurasa ule baba yako anausoma," Ruurd alisema mwishowe.

"Baba anakausha buti."

"Anausoma kila asubuhi, kabla ya gazeti. Jumanne alinipigia simu. Miaka miwili nakuja humu, ananiita yule wa pampu, sijawahi kupigiwa simu naye. Aliniuliza, 'Kijana, tutawapiga hao?' Nikamwambia tutawapiga. Akacheka, Jeltje. Alicheka simuni." Aliyatazama maji yakimwagika karoni. "Siku ya pili yake ndiyo nililiona tangazo. Nikawaza, nikiachia sasa, Jumapili nitaingia pale kumwomba binti yake nikiwa yule yule wa pampu."

Sababu hiyo ilikuwa ndogo, ya kitoto, na ilimchoma Jeltje mahali ambapo hakutegemea.

"Kwa hiyo ulikwenda kununua kicheko cha baba," alisema polepole, "kwa mikono ya dada yangu."

Ruurd aligeuka mweupe. "Usiseme hivyo."

"Nimesema. Na siku mbili zenyewe nisingezihesabu. Vipande vimefanywa, watafiti wamepata majibu yao. Mtu hukosea. Mimi mwenyewe nimewahi kumwaga tangi zima lisilo na kosa. Ninachokidharau ni barua yako. Si kosa la mtu. Watu arobaini na moja, na Nynke ni mmoja wao, wamelala jana wakikilaani chuo kwa sababu wewe uliogopa."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa kabla hajamaliza, akaingia Baukje na sinia tupu. Alilifunga bomba mwenyewe.

"Maji hayo hayafuniki kitu," alisema. "Nimesikia nilichotaka."

"Mama, tuache."

"Niwaache kwa nini? Nimeingojea siku hii miaka miwili." Alimgeukia Ruurd, akaanza viatuni. "Umevipiga rangi leo. Vizuri. Suruali imenyooshwa. Koti, hilo la kuazima, sivyo?" Macho yalipanda ngazi kwa ngazi, bila haraka, mdomo ukibetuka kwa kila hatua. "Na juu kabisa, uso wa mtu anayekokotoa hesabu za watu wakubwa asizozielewa. Nilimwambia huyu binti tangu siku ya kwanza: anayeishi na mashine haumi wala hapulizi. Kumbe nilimsifu. Huyu anauma."

Jeltje alimsikiliza. Ilikuwa dharau ile ile aliyoitoa yeye mwenyewe dakika moja iliyopita. Lakini katika mdomo wa mama yake maneno hayo yalikuwa na ladha, na mama aliyatafuna akitabasamu. Yeye aliposema, ilikuwa kama kung'oa jino lake mwenyewe.

"Ruurd," alisema, bila kumtazama mama yake, "kule sebuleni kuna watu sita wa timu yako."

"Ndiyo."

"Basi."

Ruurd alimtazama, mara hii akiomba kitu, naye hakumpa. Akatoka.

Jeltje alisimama mlangoni akamwona anaanza upya, kiti kwa kiti, kana kwamba analeta pongezi nyingine. Alianza na Wopke.

"Mzee Wopke, mtambo wa chuo haukuharibika. Kazi yako ilichelewa kwa sababu yangu. Nililiona tangazo, nikaficha, kisha nikawadanganya nyote."

"Aa, kijana, mimi hata sijui mashine yangu iko wapi. Mke wangu ndiye..." Wopke alitazama huku na huku akitafuta msaada. "Hongera. Yaani, pole."

Wawili waliofuata waliinamisha vichwa. Binamu mmoja wa Baukje akauliza kama keki nyingine ipo. Kisha Ruurd akafika kwa Ype.

"Mzee Ype, uliniuliza kama tutawapiga. Nilitaka tuwapige kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Nikachelewesha. Nikadanganya."

Ype alimtazama. "Miaka arobaini na mitano nimekamua," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri, mvua, homa, msiba. Sijawahi kuyaacha maziwa yachache kiwelini ili Mgroningen aje aone wivu." Alikiweka kikombe chake chini kwa sauti. "Na mimi nimeisafisha ile mashine. Kila siku. Ndani kuna vumbi la nyasi."

"Baba!" Nynke akacheka. "Si ulisema ya buti?"

"Nyamaza wewe. Ya nani, kama si yako?"

Ype alitoa leso, akapenga kamasi kama tarumbeta, akageukia dirishani.

Mbele ya Nynke, Ruurd alipiga magoti, maana hakuweza kumsemesha akiwa amesimama.

"Nimesikia, shemeji. Umeshasema mara tano, na nyumba hii kuta zake ni za mbao," alisema Nynke. "Ngoja nielewe. Kazi yangu imefanywa na Wagroningen?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo nikipona, nitakwenda Groningen kuwashukuru." Alitikisa kichwa. "Siku mbili nakusamehe. Hilo silisamehe mpaka naingia kaburini." Duara likapumua, mtu akacheka kidogo. Lakini Nynke hakucheka. Alikiweka kikombe kwa uangalifu, akamwinamia Ruurd, na sauti yake ikashuka. "Usinidanganye tena, Ruurd. Mikono hii ikiisha nguvu, mimi nitabaki na yale ninayoambiwa tu."

Ruurd aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka wazi, mbele ya keki na watu. Alipoinuka, kiti kilichobaki kilikuwa cha Jeltje, na Jeltje hakuwa ndani yake. Alikuwa mlangoni, ameshika koti la mvua la Ruurd.

Walitembea mpaka kwenye lango. Upepo wa baharini ulikuwa unayalaza majani mapya, na mbali huko Wopke angeweza kuwaona ndege wake wakirukaruka, kama angekuwa anaona.

"Tungetangaza leo," alisema Ruurd.

"Hatutangazi."

"Na Juni?"

"Hakuna Juni." Alimkabidhi koti. Vidole vyao viligusana chini ya kitambaa na hakuna aliyevitoa haraka. "Usinitazame hivyo. Umesema kweli leo kwa sababu nimekuonyesha mlango wa kupitia. Mimi siwezi kuishi nikikuonyesha milango."

"Nifanye nini?"

"Unaona? Ndiyo hilo hilo. Unaniuliza mimi."

Ruurd alilivaa koti taratibu, kifungo kwa kifungo, na safari hii Jeltje hakuanzia viatuni. Alimtazama usoni moja kwa moja, akajilazimisha kutazama mpaka mwisho: mikunjo iliyoanza pembeni mwa macho, ndevu zilizonyolewa vibaya kwa haraka ya asubuhi, midomo aliyoijua. Alimdharau bado. Hakuna hata chembe iliyokuwa imepungua. Na alitaka kumfuata mpaka kwenye gari akiwa hana viatu.

"Nitaiacha timu," Ruurd alisema. "Wachague mwingine. Nitawaandikia wote usiku wa leo, na chuo pia."

"Andika kwa sababu ni kweli. Usiandike ili nisome."

"Utasoma?"

"Mimi husoma," alisema Jeltje.

Gari liliondoka. Alisubiri mpaka likapita daraja, kisha akasubiri tena bila sababu. Jeltje alirudi sebuleni. Ype alikuwa ametoka nje kwenda bandani. Baukje alikuwa anakata keki ya pili, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata zawadi aliyoiomba.

"Afadhali," alisema mama, akimnyooshea sahani. "Kaa, mwanangu, ule. Nilijua siku moja utamwona kama ninavyomwona mimi. Mtu yule ni..."

"Mama." Jeltje hakuipokea sahani. "Nimemkataa. Na ninampenda. Yote mawili ni yangu. Usiguse hata moja."

Kisu kilibaki ndani ya keki. Watu wazima tisa walitazama mikono yao. Nynke, karibu na dirisha, aliuvuta mguu wake kando, na Jeltje akaenda kuketi sakafuni karibu naye, mgongo wake ukiegemea magoti ya dada yake, akaanza kulia kwa sauti, bila utaratibu wowote.